Ulizeni kipimo cha feritini kwanza

Mwandishi wa makala ya afya niliyosoma anatuhimiza tukapime vitamini zote kila mwaka. Kwa hela ya nani, jamani? Mimi nilikuwa nachoka ovyo, nywele zinakatika, natafuna udongo kama karanga. Wingi wa damu ukasoma 12.1, nikaambiwa niko sawa, nikapumzike. Miezi baadaye daktari mwingine akaagiza kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya madini chuma mwilini: 7! Kwa mtu mzima, chini ya 15 ni upungufu. Kumbe damu inaweza kusoma vizuri huku ghala ni tupu. Nikapewa vidonge, nisivimeze na chai maana inazuia chuma kufyonzwa. Na chai ya saa nne ndiyo uhai wangu! Choo kikawa cheusi, nikaogopa bure. Ndivyo vidonge hivyo vilivyo.