Sumaku mkiani mwa mota: askari au mpimaji?

Mota ya hatua (stepper), ile inayosogeza meza ya mashine ya kukata ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, haioni. Draiva, saketi inayoiendesha, inaiamuru hatua 200 kwa mzunguko, digrii 1.8 kila moja, nayo inatii. Siku nyingi hesabu inalingana. Lakini kikata kikizama kupita kiasi, au kasi ikipandishwa haraka kuliko nguvu ya mota, shafti inakwama na programu haina habari. Inaendelea kukata mahali pasipo. Unagundua ukiwa umeshaharibu kazi ya saa nne.

Dawa inayosifiwa na mafundi wa CNC za nyumbani ni sensa ya sumaku. Kisumaku cha duara cha milimita 6 kinagundishwa nyuma ya shafti, na chipu kama AS5600 inawekwa karibu yake, pengo la milimita moja au mbili hivi, kusoma pembe. Haigusani na kitu, na haijali mafuta wala maji ya kupozea, mambo yanayoweza kuipofusha enkoda (kipima mzunguko) ya mwanga. Inagawa mzunguko katika nafasi 4096. Kwenye skrubu inayosogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, hiyo ni milimita 0.0012 kwa kila nafasi. Hapo wengi hushangilia. Mimi hapo ndipo naanza kusita.

Kusoma vipande vidogo si kusoma kwa usahihi. AS5600 inaruhusiwa kukosea hadi digrii 1 juu au chini, na hiyo ni pale sumaku ilipokaa katikati sawasawa. Kwenye skrubu ileile, digrii 1 ni karibu milimita 0.014. Mota yenyewe, isipobebeshwa mzigo, kwa kawaida hukosea asilimia 5 tu ya hatua, yaani digrii 0.09, na kosa hilo halijilimbikizi. Ukiilazimisha mota ifuate sensa kama hiyo bila kuirekebisha, umempa kipofu kazi ya kumwongoza mwenye macho. Meza itayumba kidogo kila mzunguko.

Watetezi wana jibu, na si jibu la kupuuzwa. Unaizungusha mota polepole hatua zote 200, unaandika sensa inasoma nini kwenye kila hatua, unatengeneza jedwali la kusahihisha. Hapo faida ni za kweli. Mota iliyobebeshwa nusu ya nguvu yake ya juu hubaki nyuma kama digrii 0.6, yaani milimita 0.008 kwenye skrubu yetu, na draiva yenye sensa inaweza kulifuta pengo hilo. Inaweza pia kupunguza umeme mota inapopumzika, ikapoa. Ila tuambizane ukweli: rula iliyotumika kuinyoosha sensa ni mota ileile.

Kwa hiyo mimi naitakia sensa hii kazi nyingine, ya uaskari. Mota ya hatua ikiteleza haipotezi hatua moja ikaishia hapo. Rota, sehemu inayozunguka ndani ya mota, inaruka hadi mahali pengine panapofanana kisumaku, na hapo ni hatua 4 mbele au nyuma: digrii 7.2, au mara mbili yake, au zaidi. Mbele ya digrii 7.2, kosa la digrii 1 si kitu. Chipu ya bei rahisi, bila jedwali lolote, inatosha kupiga kelele.

Kinachosumbua ni ucheleweshaji. Kwa mizunguko 600 kwa dakika shafti hupita digrii 3.6 katika kila milisekunde, kwa hiyo usomaji uliochelewa kidogo unafanana kabisa na mtelezo. Askari wa namna hiyo ataamsha kijiji kila usiku. Linganisha amri na usomaji wa wakati uleule, au kagua mota inapopunguza mwendo.

Na akishapiga kelele? Wapo wanaotaka draiva irudishe hatua zilizopotea hukohuko njiani. Sikubaliani nao. Wakati mhimili mmoja, yaani upande mmoja wa mwendo wa mashine, unajikokota kurudi, mwingine umeendelea, na kovu limeshaingia kwenye kazi. Heri mashine isimame. LinuxCNC, programu ya kuongoza mashine, inapokea enkoda na inasimama kosa likivuka mpaka uliouweka. Grbl, programu nyingine ya kazi hiyo, haina uwezo huo, hivyo kengele ya draiva itabidi iunganishwe kwenye waya wa kusimamisha mashine.

Hata hivyo askari huyu anaona mkia wa mota tu. Nati inayocheza, mkanda unaovutika, kapulingi (kiungio cha shafti) iliyolegea, vyote viko nje ya macho yake. Na kama mashine inateleza kila wiki, tatizo si ukosefu wa sensa: punguza kasi ya kuongeza mwendo, au ipe draiva volti 48 badala ya 24 kama inaruhusu, ndipo uongelee sumaku. Ukiifunga, ifunike, maana vumbi la chuma huifuata. Chagua na gundi inayostahimili joto. Niliwahi kuilaumu draiva wiki nzima, kumbe sumaku ilikuwa inazunguka peke yake.

Swichi ya mwisho wa mhimili ibaki palepale. Umeme ukikatika, chipu inajua pembe lakini haijui ni mzunguko wa ngapi. Vikiwa pamoja vinasaidiana vizuri: swichi inataja mzunguko, sensa inataja pembe, na mashine inarudi kwenye sifuri ileile hata kama swichi inabonyea mapema leo na kuchelewa kesho.