Picha za Harusi: Diski Kabatini au Wingu?

Mpiga picha wa Nairobi aliyefanya harusi Karen Jumamosi na ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) Kiambu Jumapili hurudi nyumbani na faili ambazo hakuna atakayeweza kuzipiga upya. Zikipotea zimepotea. Kuhusu mahali pa kuziwekea nakala rudufu, wapo wanaoshikilia diski za nje, na wapo wanaotaka kila kitu kipelekwe kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoamua mengi. Picha 3,000 za RAW (faili ghafi za kamera), kila moja megabaiti 30, ni gigabaiti 90. Laini ya faiba inayopakia megabiti 10 kwa sekunde hupitisha megabaiti 1.25 tu (baiti moja ni biti nane), kwa hiyo harusi hiyo moja itachukua saa 20 mfululizo, stima isipopotea. Diski ya kawaida inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde huimaliza kwa dakika 15. Kuzirudisha kutoka kwenye wingu nako kuna kazi: terabaiti 4 kwa megabiti 20 kwa sekunde ni takriban siku 19, usiku na mchana, huku bibi harusi akiulizia albamu. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku kama hizo aliyetegemea wingu peke yake hukaa akingoja.

Hata hivyo wingu lina hoja ambayo watu wa diski huipuuza: halisahau. Programu hupakia hata kama wewe umelala. Diski hungoja mkono wako, na katikati ya Desemba, baada ya harusi tatu mfululizo, mkono huo umechoka. Isitoshe, diski inayolala kwenye begi moja na laptopu huibwa pamoja nayo, na iliyo chumba kimoja na kompyuta huungua au kufurika maji pamoja nayo. Waliokumbwa na mafuriko ya Nairobi ya Aprili na Mei 2024 hawahitaji kuelezwa hili.

Hasara nyingi lakini hutokana na vitu vinavyodhaniwa kuwa bekapu. RAID 1, mpangilio wa diski pacha, huandika data ileile kwenye diski mbili ili kazi isisimame moja ikifa. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, inafutika kwenye zote mbili papo hapo. Folda inayosawazishwa na wingu ni vivyo hivyo: ulichofuta hapa kule nako kinafutika, na pipa la taka la Google Drive hujisafisha baada ya siku 30. Bekapu ya Lightroom, programu ya kuhariri picha, nayo huhifadhi katalogi tu, yaani marekebisho yako, bila picha zenyewe. Na diski inayoachwa imechomekwa daima iko wazi kwa virusi vya kufunga faili na kudai fidia, kwa sababu vinaifikia kama sehemu nyingine yoyote ya kompyuta.

Kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, inataka nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa mbali. Kwa kasi za intaneti tulizo nazo, maoni yetu ni kuwa hiyo ya mbali igawanywe. RAW zote ziwe kwenye diski mbili za nje zinazopokezana: moja mezani, nyingine kwa ndugu Thika au Machakos, zibadilishwe kila wiki. Kwenye wingu peleka katalogi na picha zilizokamilika. JPEG 400 za megabaiti 10 ni gigabaiti 4, kazi isiyofika saa moja. Mwenye faiba ya kasi kubwa ya kupakia apeleke RAW pia, lakini asiache diski. Kwa kuwa hizo ni sura za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu, diski inayotoka nyumbani ifungwe kwa nywila, kwa BitLocker kwenye Windows au Disk Utility kwenye Mac, na nywila hiyo iandikwe kwenye karatasi iliyo mahali pengine. Ukiisahau, hakuna fundi wa kukusaidia.

Diski au memori kadi ya bei ya kutupa kutoka Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya elektroniki Nairobi, ipimwe kwanza kwa H2testw au F3, programu za kupima ukubwa halisi wa hifadhi. Kadi bandia hudai gigabaiti 256 ilhali ina 32. Hupokea faili zote bila kulalamika, kisha zilizozidi hazifunguki.

Kadi ya kamera usiifomati hadi nakala mbili zikamilike na kukaguliwa. Kuhesabu faili hakutoshi: linganisha yaliyomo kwa programu ya FreeFileSync, kisha fungua picha kumi kwa ukubwa wa asilimia 100 kwenye kompyuta nyingine. Mistari ya waridi au nusu ya picha ikiwa kijivu ina maana faili iliharibika njiani, mara nyingi kwa sababu ya kebo mbovu au diski iliyochomolewa kabla ya kuondolewa salama. Nakili upya kutoka kwenye kadi kwa kebo nyingine.