Watabiri wa Baada ya Mechi

Jamani, hivi ni mimi tu au na nyie mnao hawa watu? Mechi imeisha, kipenga kimepulizwa, ndipo jamaa anasimama: "Mimi nilitabiri!" Ulitabiri lini, ndugu yangu? Dakika ya 80 si ulikuwa umejishika kichwa kama sisi? Mvua ikinyesha, alijua. Ndoa ya watu ikivunjika, alijua tangu siku ya kuvishana pete. Daladala ikizima njiani, "niliona tu!" Uliona, ukapanda, na nauli ukalipa?

Kutabiri ni kusema kabla. Kabla! Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika mvua haijaanza, na wakikosea tunawacheka mpaka basi. Hata Paul, yule pweza wa Ujerumani, kwenye Kombe la Dunia la 2010 alichagua washindi wa mechi 8 kabla hazijachezwa, akapatia zote. Pweza! Kiumbe ambaye huku kwetu ni supu tu.

Haya, mtabiri wetu, Jumamosi nani anashinda? Eti, "Aah, mpira unadunda."

Kwani wa jana haukudunda?