Iacheni Feda Kuu, Tumsikie Shangazi

Jumamosi iliyopita, harusini Katuba, hapa Lubumbashi, shangazi wa bibi harusi alipewa mikro awape maharusi mawaidha. Mama mtu mzima, ametoka Kasenga kwa ajili ya siku hiyo, sauti yake ndogo lakini imetulia. Alipofungua kinywa tu, bafle, yaani spika, zikapiga larseni, ule mlio mkali wa mikro inayojisikia yenyewe kwenye spika. Kijana wa sono, mwendesha vyombo vya sauti, akaishusha feda kuu, kile kitelezi kinachopandisha na kushusha sauti yote ya ukumbi. Larseni ikakoma, na shangazi naye hasikiki tena. Meza za nyuma zikaanza: "Haisikiki! Ongeza!" Akaipandisha, larseni ikarudi. Wakaendelea hivyo hadi mama wa watu akamrudishia MC mikro na kwenda kukaa, maneno yake hayajafika hata nusu. Mpaka leo nina uchungu.

Mezani kwetu walisema mikro ni mbovu. Nilisogea hadi kwenye mikseri, ile meza ya kuchanganyia sauti, nikaangalia. Mikro haikuwa na neno. Mikro nane za kwaya ndizo zilikuwa wazi nyuma ya mgongo wake, na kwaya yenyewe ilikuwa nje inakula. Kila idadi ya mikro zilizo wazi ikiongezeka mara mbili, unapoteza karibu desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) za nafasi yako ya kupandisha sauti kabla larseni haijaanza. Zikiwa mbili umepoteza 3, nne umepoteza 6, nane umepoteza 9. Mama mwenye sauti ndogo hawezi kudaiwa desibeli 9 na mikro ambazo hakuna anayeziimbia! Mikseri ilikuwa X32 ya Behringer, yenye makundi sita ya myuti, yaani ya kufunga mikro nyingi kwa pamoja, vitufe vyake viko palepale upande wa kulia, karibu kabisa na feda kuu. Ukiiweka kwaya kwenye kundi moja mapema, kidole kimoja kinaifunga yote na shangazi anabaki peke yake na ukumbi wake.

Ninachokipinga ni hii tabia ya kuendesha sherehe nzima kwa feda moja. Nakaa nyuma ya mikseri kanisani kila Jumapili, kwa hiyo siongei kama mpita njia. Feda kuu haimjui shangazi, haimjui mpiga ngoma. Ukiishusha kwa sababu ya kosa la mmoja, umewashusha wote, na kosa liko palepale linasubiri uipandishe.

Angalia namba zilizochorwa pembeni yake. Karibu na sifuri zimeachana vizuri: kutoka sifuri hadi hasi 5 kuna nafasi ya kutosha kidole. Shuka chini utakuta hasi 30, 40, 50 zimebanana. Feda ikikaa kwenye sifuri, ukiigusa kidogo sauti inabadilika desibeli moja au mbili na hakuna mgeni atakayegeuza shingo. Ikikaa kule chini, mguso uleule unaruka desibeli 10, na desibeli 10 masikioni mwa mtu ni kama sauti imeongezeka mara mbili. Ndiyo maana kijana yule alikuwa ama amemzima shangazi, ama anatupasua masikio. Katikati hapakuwa na pa kushika.

Na kwa nini feda inaishia kule chini? Kwa sababu geni za chaneli, yaani vidhibiti vya kukuza sauti ya kila mikro inapoingia kwenye mikseri, zimefunguliwa kupita kiasi tangu mwanzo. Geni ndiyo inapangwa kwanza. Bonyeza PFL ya chaneli, kitufe cha kuisikiliza na kuipima peke yake, mwimbaji aimbe kama atakavyoimba kweli, siyo ile "alo, alo" ya kunong'ona, na wewe macho kwenye mita. Kwenye mikseri ya analogi icheze karibu na sifuri. Kwenye ya kidijitali, ambayo sifuri yake ndiyo dari, lenga hasi 18, ili akipandwa na roho asigonge dari hilo. Sauti iliyovunjika kwenye geni imeshavunjika. Maji yakichafuka kwenye chanzo, kufunga bomba nusu hakuyasafishi. Ukiishusha feda kuu utapata mikwaruzo ileile, kwa sauti ya chini.

Kisha feda kuu iende sifuri, ikae hapo. Ukumbi ukiwa mdogo na sauti bado ni kubwa, punguza kwenye ampli, ile mashine inayozipa bafle nguvu, au nyuma ya bafle zenyewe kama zina ampli ndani.

Jambo jingine: sauti ya retua za jukwaani, yaani spika zinazowarudishia waimbaji sauti zao, kwa kawaida huchukuliwa kabla ya feda za chaneli, na retua zina feda kuu zao wenyewe. Ukiichezea feda kuu, waimbaji hawajui lolote. Wao wanajisikia vilevile wakati ukumbi mzima umepotea.

Nakubali, kuna wakati lazima ishuke. Larseni ikilipuka na hujui imetoka wapi, ishushe upesi, tafuta chaneli yenye kosa, ifunge, rudi sifuri. Nakubali pia kwamba kumbi zetu ni ngumu: bati juu, vigae chini, hakuna hata pazia la kumeza mwangwi, na mwezi wa kwanza mvua ikipiga lile bati hakuna fundi atakayekufurahisha. Hata hivyo mvua haikunyesha Jumamosi ile.

Umeme nao. Ukikatika katikati ya sherehe, kabla ya kuhamia jenereta, zima ampli na ushushe feda kuu. Nguvu ikirudi, mikseri iwake kwanza, ampli mwisho. Wakati wa kufunga, ampli ndizo za kwanza kuzimwa. Ule mshindo tunaousikia umeme ukirudi ndio unaokula koni za bafle, na mwenye sono hushangaa zimekufaje.

Sitaki kumtwisha kijana peke yake. Nilimwona anavyozungukwa: mjomba anasema ongeza, MC anasema punguza, baba mkwe anamtumia mtoto na ujumbe wa tatu. "Yaya, wamesema besi haitoshi." Mtu akisukumwa hivyo atashika kilicho karibu na mkono, na kilicho karibu ni feda kuu. Halafu alikuwa amefunguliwa ukumbi wageni wakiwa tayari wameanza kuketi. Angepangia wapi geni za mikro tisa?

Kamati za harusi, hili ni lenu. Mnajadili bia na gauni wiki nzima, sono mnaitafuta siku mbili kabla. Mfungulieni fundi ukumbi masaa matatu kabla ya wageni, umeme uwepo, na kwaya ije ipime mikro zake ikiwa na sauti yake kamili. Mwambieni mapema nani ataongea na lini, ili ajue wakati wa kuifunga kwaya. Na mchague mtu mmoja tu wa kumpelekea maneno fundi. Wengine wote, hata baba mkwe, wapitie kwake.