Eti nyota hawezi kufundisha? Hebu tuheshimiane

Kuna jamaa mmoja kwenye grupu letu la wasapu la basketi, simtaji manake itaonekana nina kisirani naye, kila nyota wa zamani akifutwa ukocha lazima aibuke na ule wimbo wake: mchezaji mkubwa hawezi kuwa kocha mkubwa. Akishaandika anaweka picha ya kikombe cha chai, kana kwamba kesi imeshahukumiwa. Juzi akamfukua Tina Thompson, mambo ya 2022 hayo, watu wakamcheka huyo dada wa watu weee. Nikaanza kujibu, jibu likawa refu, admin akaniuliza kama naandika katiba. Haya, nimehamia huku.

Tuanze na huyo huyo Tina. Mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa kwenye drafti ya chuo (pale timu zinapochagua wachezaji wapya) ya WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani, 1997. Makombe manne mfululizo na Houston Comets. Dhahabu mbili za Olimpiki. Alipostaafu 2013 hakuna mwanamke aliyekuwa amefunga pointi nyingi kumshinda kwenye ligi ile. Chuo cha Virginia kikamwajiri 2018, msimu wa kwanza akashinda 12 akapigwa 19, wa pili 13 kwa 17, wa tatu ni ule wa korona, wakacheza mechi tano wakapigwa zote tano na msimu wenyewe ukakatishwa, wa nne 5 kwa 22, akafungashwa virago. Jumla 30 kwa 63. Ni mbaya, sina la kuipamba. Lakini mtu anieleze msimu wa tatu tunauhesabu vipi, manake kwenye jumla upo lakini ukiutafuta uwanjani hauupati.

Sasa nenda kaangalie Dawn Staley, nyota mwingine, alivyoanza ukocha chuo cha South Carolina. Msimu wa 2008-09: ushindi 10, vipigo 18. Ndani ya kanda yao ya SEC alicheza mechi 14 akashinda MBILI. Msimu wa pili 14 kwa 15, bado anapigwa kuliko anavyoshinda. Na huyu hakuwa mgeni wa kazi, alishafundisha Temple tangu 2000, tena huku bado anacheza WNBA, msimu wa baridi yuko benchi amevaa suti, kiangazi yuko uwanjani amefunga kamba za viatu anakimbizana na wasichana wanaomwita mzee. Pamoja na uzoefu wote huo kombe la kwanza la taifa la vyuo alilipata 2017. Msimu wa tisa! Halafu 2022, halafu 2024 bila kupoteza hata mechi moja, 38 kwa 0, na leo amesimamishiwa sanamu mjini Columbia. Angefutwa msimu wa pili, rafiki yangu wa kikombe cha chai angekuwa anamtumia yeye kama mfano.

Na Geno Auriemma je, ambaye hakuwahi kuwa nyota wa chochote? Msimu wake wa kwanza kufundisha UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, 12 kwa 15. Kombe la kwanza 1995, baada ya misimu kumi. Sasa ana kumi na mawili. Huyo hakuna aliyemwambia kwamba wasiokuwa nyota hawawezi kufundisha.

Hapa ndipo ninapowaka. Chuo kinamchukua nyota kwa sababu ya jina. Bango linachapishwa, tiketi za msimu zinauzwa, wahisani waliosoma pale miaka ya tisini wanatokwa na machozi, picha ya zamani na jezi inawekwa ukutani. Anakuta timu haina wachezaji, waliopo wanahama, kusaka vipaji vipya kunachukua misimu miwili mitatu mpaka msichana uliyemfuata akiwa sekondari aje akomae. Ikifika mwaka wa nne bango limechakaa na kazi imekwisha. Walinunua jina halafu wanalalamika kwamba hawakupewa kocha.

Mwenye moyo aangalie chuo cha Arizona. Adia Barnes alisoma palepale, akacheza WNBA, akawa kocha msaidizi chuo cha Washington, ndipo Arizona wakamrudisha nyumbani 2016. Mwaka wa kwanza 14 kwa 16. Wa pili, shikilia kiti chako, 6 kwa 24. Sita! Mchezaji wake bora, Aari McDonald, alikuwa amemfuata kutoka Washington, na kwa sheria za uhamisho za wakati ule ilibidi akae nje msimu mzima, kwa hiyo kila mechi binti yuko pale benchi na nguo za kawaida anaangalia wenzake wanachapwa na kocha anajua dawa ya ugonjwa ameikalia pembeni yake na hawezi kuitumia. Wangemfuta wangeeleweka kabisa. Hawakumfuta. 2019 wakachukua WNIT, lile kombe dogo la vyuo, 2021 kwenye kombe kubwa la taifa wakawatoa UConn nusu fainali 69 kwa 59, fainali wakapoteza kwa Stanford kwa pointi moja, 54 kwa 53, shuti la mwisho la McDonald likagonga chuma. Na siku hiyo Adia alikuwa na mtoto mchanga, mapumziko yeye anakamua maziwa ya mtoto kwanza ndipo aende kuongea na timu. Mwaka huohuo yeye na Dawn walikuwa wote kwenye nne bora, wanawake weusi wawili, wote wamecheza WNBA. Lakini kwenye grupu letu siku hiyo nadhani chai iliisha.

Msiniletee habari kwamba ni mambo ya wanawake. Patrick Ewing, nyota wa NBA, alirudi chuo cha Georgetown alikong'ara, akapewa timu ya wanaume 2017. Msimu wa 2021-22 alishinda 6 akapigwa 25, ndani ya kanda yao ya Big East alipigwa mechi 19 kwa 19. SIFURI kwa 19, na akarudishwa msimu mwingine! Sawa, mwaka uliotangulia alikuwa ametwaa kombe la kanda, namwachia hilo. Sifuri kwa 19 lakini jamani.

Kuna ukweli kidogo kwenye maneno ya jamaa, nautoa kwa shingo upande. Nikiwa sekondari tulifundishwa msimu mmoja na mama aliyekuwa moto wa kuotea mbali enzi zake hapa Mombasa, wazee wa Makande wakimtaja mpaka leo wanatikisa kichwa. Wiki za mwanzo alikuwa anachukua mpira, anamwendea beki, anamlaza upande mmoja, anapita upande wa pili, mpira ndani, anatugeukia: "Hivi tu." Hivi tu vipi mama? Mwili wake ulikuwa unajua kitu ambacho mdomo wake haukuwahi kuulizwa. Tulikuwa tunaanguka kama maembe. Baadaye akatuletea chaki, akachora nyayo sakafuni, mguu huu hapa, huu hapa, bega lishushe kabla ya mpira, tukawa tunatembea tu bila mpira jioni nzima mpaka tunaona haya. Ndipo tukaanza kuelewa. Aligundua mwenyewe kwamba kucheza na kueleza ni kazi mbili, ila ilimchukua muda kugundua, na muhula wa pili shule ikaleta mtu mwingine.

Kwa hiyo ndio, bora nyota apitie ukocha msaidizi kwanza. Niele Ivey alibeba kombe chuo cha Notre Dame 2001 kama mchezaji, akakaa pale miaka kumi na zaidi kama msaidizi, akapita Memphis Grizzlies, timu ya wanaume ya NBA, kama msaidizi, ndipo akakabidhiwa timu 2020. Kim Mulkey simpendi, makoti yake yale ya kumetameta yananiumiza macho na kelele zake nazo, lakini lazima nimtaje. Alichezea Louisiana Tech wakachukua ubingwa 1981 na 1982, akapata dhahabu ya Olimpiki 1984, akakaa palepale kocha msaidizi miaka 15. 2000 kocha anang'atuka, kila mtu anajua kiti ni cha Kim. Chuo kikampa mkataba wa miaka minne. Yeye akataka mitano. Wakabishana juu ya MWAKA MMOJA, akaondoka zake Baylor. 2005 bingwa. 2012 bingwa. 2019 bingwa. Akaenda LSU, 2023 bingwa. Louisiana Tech wao mpaka leo wanatazama makombe ya zamani. Nyota mwenyewe alijua anachohitaji ni nini, waliokuwa na kalamu ndio hawakujua.

Na nina wasiwasi kwamba subira itazidi kupungua. Pat Summitt alipewa timu ya chuo cha Tennessee 1974 akiwa na miaka 22, akiendesha mwenyewe gari la timu na kufua jezi, na alipata nafasi ya kukosea kwa sababu hakuna aliyekuwa anaangalia. Siku hizi Dawn analipwa zaidi ya dola milioni 4 kwa mwaka. Ni haki yake, ningempa na nyumba juu. Ila pesa hiyo hiyo ikishaingia, mkurugenzi wa michezo anataka kombe kabla wino haujakauka.

La mwisho, manake najua jamaa atasema nyota anafundisha tu alichocheza yeye. Dawn alikuwa pointi gadi, yule mfupi anayeongoza mpira, futi 5 na inchi 6. Waliotoka mikononi mwake ni nani? A'ja Wilson, namba moja kwenye drafti ya 2018. Aliyah Boston, namba moja 2023. Kamilla Cardoso, namba tatu 2024. Wote majitu ya chini ya kikapu! Na 2025 Madina Okot wetu, Mkenya, mtoto wa chuo cha Zetech, futi 6 na inchi 6, alipotoka chuo cha Mississippi State alikuwa na kila sababu ya kutafuta kocha aliyewahi kucheza nafasi yake. Akaenda kwa yule mfupi. Mwandikieni Madina basi, mwambieni nyota hawezi kufundisha, halafu mniletee jibu lake hapa kwenye komenti.