Barafu ya Kibo iko nyuma ya selfi

Anko wangu ni mgumu, yaani mpagazi, amebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro miaka kumi na kitu, na juzi nilimkuta anafuta picha maana simu imejaa nikamwambia anko hebu subiri kwanza. Zote zinafanana. Mzungu, jaketi, mikono juu, bango la Uhuru Peak, meno nje. Ila ukimziba mzungu na kidole gumba, kule nyuma kuna ukuta wa barafu, kwenye picha za zamani umesimama mrefu, kwenye za juzijuzi umemeguka na katikati ni vumbi tupu. Hakuna aliyekuwa na shida na ule ukuta, umeingia tu kwenye picha.

Mi nazitaka hizo hizo. Maana kwenye magrupu ya WhatsApp kila masika kuna mtu anarusha picha ya kilele cha Kibo kikiwa cheupe kutoka Moshi eti theluji imerudi wataalamu waongo, kikija kiangazi mwingine anarusha kavu, jamani mlima umekwisha, kumbe wote wanabishania theluji ya juzi. Barafu yenyewe ni kitu kingine, mwaka 1912 ilikuwa kama kilomita za mraba 12, ilipofika 2011 hazifiki 2, na kule juu haichuruziki sana, nyingi inageuka mvuke moja kwa moja kwa jua na ule ukavu wa hewa, kwa hiyo usitegemee mafuriko. Picha moja haikwambii kitu. Ziwe mbili, palepale, mwezi uleule.

Na vitisho navyo tupunguze. Mwaka 2002 watafiti waliandika inaweza kwisha kati ya 2015 na 2020, haikuisha, mpaka leo watu wanacheka.

Picha iliyonishika kweli ni ya Mlima Kenya. Mwaka 2014 mpiga picha Simon Norfolk alipita usiku na mwenge wa moto pale barafu ya Lewis ilipokuwa ikiishia miaka ya nyuma, kamera ameiacha wazi muda mrefu, ukatoka mstari wa moto juu ya mawe matupu na barafu yenyewe imejikunyata huko mbali, yaani unaelewa hata kama hujui kusoma. Sema mi nimeiona mtandaoni tu, sijaikuta ukutani Nanyuki wala Marangu, na wanaokunywa maji ya milima hiyo wako huko.

Wakati huku wagumu wanapanda kila mwezi, simu mfukoni, na hakuna anayewaomba picha, sanasana wanaombwa wawapige wengine.

Nikamnunulia anko memori kadi. Akaitazama, akasema sawa, ila betri kule juu inazima kwa baridi, simu yenyewe nalala nayo kwapani, na hiyo je utanunua?

Za mlima hajafuta. Amefuta video za harusi yangu.