Safari bila ratiba: raha ni ya nani, na gharama analipa nani?

Kila shule zinapokaribia kufungwa, ubishi uleule huzuka Mombasa. Wako wanaosema safari tamu ni ya kutupia begi mgongoni, kupanda gari Mwembe Tayari na kuteremka popote moyo utakapopenda. Wengine wanasema huko ni kujitafutia taabu, mtu mzima hutoka kwake akijua atalala wapi. Mimi naegemea upande wa kwanza, ila si kwa kila kitu wanachokisema.

Chukua Voi. Kwa wengi wetu ni mahali basi la Nairobi linaposimama abiria wanywe chai, wajisaidie, warudi garini. Mwenye ratiba hana sababu ya kubaki hapo. Asiye nayo akiteremka atakuta matatu za Wundanyi, mji ulio juu kwenye milima ya Taita. Ukishapita Mwatate barabara inaanza kupanda kwa kona za kubana, joto unaliacha chini, na huko juu kuna migomba, matuta ya kabichi na watu waliovaa sweta. Milima ya Taita imo katika safu moja na Usambara na Uluguru za Tanzania, na misitu yake midogo kama Ngangao ina ndege wasiopatikana penginepo duniani. Mboga za huko tunazinunua Kongowea, lakini wakazi wengi wa Mombasa hawajawahi kupanda kuona zinakotoka.

Hapo ndipo wasafiri wasio na mpango wana hoja nzito. Ratiba za kununua hurudia majina yaleyale: Diani, Amboseli, Maasai Mara. Pesa nazo hufuata njia hiyohiyo. Aliyeamua asubuhi kwenda Wundanyi atalala gesti ya mji, atakula kwenye mkahawa mdogo wa sokoni na kumlipa kijana wa boda. Shilingi hizo ni chache, lakini kwa mji ule zina uzito.

Kuna hoja yao moja nisiyoikubali: eti wazee wetu wa pwani walisafiri bila kupanga. Jahazi zilikwenda kwa majira. Kaskazi ilizileta kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikazirudisha, na nahodha aliyekosa upepo alikwama bandarini kwa miezi. Hata leo, anayejiendea tu Shimoni mwezi wa Julai akitarajia kupiga mbizi kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite anaweza kukuta bahari imechafuka kwa kusi, siku nzima ikaishia kukitazama kisiwa cha Wasini kutoka gatini.

Zipo sehemu nyingine zisizojali uhuru wa mtu. Tsavo Mashariki haipokei pesa taslimu langoni, malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na ikishapiga saa kumi na mbili jioni huingii. Tikiti za treni ya Nairobi inayoondokea Miritini huisha mapema msimu wa Desemba. Njia ya Lamu kutoka Garsen ina habari zake: tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014, kumekuwa na vipindi vya kafyu na vya mabasi kusindikizwa na polisi. Huko huendi kwa kubahatisha.

Lakini jambo linaloniuma zaidi ni la wanawake. Kijana wa kiume akishushwa saa tatu usiku mji asioujua, ataulizauliza, atapata pa kulala. Binti akifanya vivyo hivyo, kila swali analomuuliza mtu barabarani linamtangaza kwamba yuko peke yake na hana pa kwenda. Anayemwambia "jiachie tu" anapima hatari kwa mwili wake mwenyewe. Uzuri wa mandhari haujibu hoja hii, na sijasikia waliojaribu kuijibu kwa uzito.

Halafu kuna wenyeji. Wasafiri wa ghafla hupenda ile ya "mgeni njoo, mwenyeji apone". Basi wakumbuke pia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu hupewa jembe. Shangazi yako wa Taveta atakupokea kwa bashasha bila taarifa, na huenda asikwambie amekopa unga dukani ili ule. Kumpigia simu jana yake hakuharibu safari.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mchana uachwe huru, jioni ijulikane. Kinachowaumiza watu sana ni giza kuwakuta steji. Na hapa serikali za kaunti na sako za matatu zina deni kwetu. Steji nyingi hazina hata kibao cha kuonyesha gari la mwisho huondoka saa ngapi na nauli ya kawaida ni kiasi gani. Abiria humtegemea makanga, ambaye kila gari kwake ni la mwisho na kila kiti ni cha kuwahi. Kibao kimoja Voi, kimoja Mwatate na kimoja Wundanyi, vyenye saa za kweli, vingewafungulia milima ile wengi ambao leo hawathubutu kuteremka kwenye basi la Nairobi.